Siku Niliyompoteza Shahidi kwa Kikombe cha Maji

Mmekuja hapa Bura mara mbili sasa, nyinyi mawakili wapya wa Voi, na mara zote mbili mmeniuliza swali moja: nilishindaje ile kesi ya msichana wa Mwanda? Mkanywa chai yangu, mkala mihogo yangu, mkaandika kwenye simu zenu kila nilichosema. Nami nikawadanganya kidogo. Si kwa ubaya. Mtu akishastaafu hupenda kuonekana mwerevu. Leo nimekaa na kalamu, hakuna anayenitazama usoni, na nitawaambia lililokuwa. Ile kesi niliiharibu mwenyewe, kwa kikombe cha maji, siku tatu kabla ya kusikizwa.

Kwanza mumjue Saru. Alikuwa na miaka ishirini na miwili alipoondoka Mwanda kwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi moja ya Ghuba. Aliyempeleka hakuwa mtu baki. Alikuwa Mwadime, mjomba wake, ndugu wa tumbo moja na mama yake. Mwadime alikuwa ajenti wa kampuni moja ya Nairobi. Huku milimani ndiye aliyetafuta wasichana, akawajazia fomu, akawasindikiza hadi uwanja wa ndege. Alimbebea Saru sanduku kutoka mlangoni hadi barabarani, na mama mtu akamshukuru mbele ya majirani.

Miezi minane baadaye simu ya Saru ikanyamaza. Kisha ikaja sauti fupi iliyorekodiwa kwa simu ya mtu mwingine. Niliisikiliza mara nyingi hata ikanikaa kichwani. "Mama, pasipoti wamechukua. Nalala jikoni. Mkono umeungua na hawataki kunipeleka hospitali. Msininyamazie."

Mama Saru alipanda ngazi za ofisi yangu, pale juu ya duka la dawa za mifugo, akiwa ameifunga simu hiyo ndani ya leso. Akaiweka mezani polepole. "Wakili, nimeambiwa wewe unajuana na mabalozi," akasema.

Mimi nilijuana na mabalozi jinsi ninavyojuana na ndovu wa Ndara: tunaonana, kisha kila mmoja anashika njia yake. Lakini sikumwambia hivyo. Nilimwambia tutaanza kazi.

Hapa niwaambie kitu kuhusu kazi yenyewe, maana nawaona mkidhani ni kupiga meza mahakamani. Kwangu mimi nusu ya haki za binadamu ilikuwa barua, na nusu nyingine kungoja kwenye viti vigumu. Mtu wetu akidhulumiwa hapa nchini, kuna polisi na kuna hakimu. Akidhulumiwa nje, inabidi umsukume waziri wako amsukume waziri wao, na hao wote wawili wana mambo mengine ya kuzungumza, mafuta na biashara, kabla ya kumfikia msichana wa Mwanda. Kwa hivyo barua ya ubalozi iwe ukurasa mmoja. Iombe jambo moja. Iwe na jina kamili la mtu, na tarehe unayotaka jibu. Mkiandika kurasa sita za uchungu, zitapokelewa kwa heshima na kuwekwa kabatini.

Najua kwa sababu niliwahi kuwa mtu wa kurasa sita. Mara yangu ya kwanza kualikwa kwenye mkutano wa mataifa huko Ulaya, niliandaa hotuba ndefu kama ibada ya Pasaka. Nikavaa viatu vipya, nikaamka na malengelenge. Nilipofika ukurasa wa pili, kipaza sauti kikazimika. Nikadhani umeme umepotea, nikageuka kutafuta fundi. Jirani yangu akaninong'oneza kwamba kila mtu hupewa dakika mbili tu. Nilikuwa bado naeleza Taita Taveta iko wapi.

Niliporudi Voi nilimsimulia Bi Rukia, karani wa mahakama, mama wa Kimombasa aliyekuwa amehamia bara na ndoa yake. Bi Rukia hakuwa wakili, lakini ndiye aliyenifundisha uwakili. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba shahidi usimwandike nusu saa ya kwanza, umwulize amepika nini leo, na kalamu ikae mfukoni. Alicheka kisa cha kipaza sauti mpaka miwani ikamtoka. "Mwanangu, dakika mbili ni nyingi mno," akasema. "Mtu aliyeungua husema 'nimeungua' kwa pumzi moja."

Basi turudi kwa Saru. Niliandika barua zangu za ukurasa mmoja, nikajibiwa kwamba jambo linashughulikiwa. Kisha nafasi ikatokea. Mkataba wa kazi baina yetu na ile nchi ulikuwa unakaribia kufanywa upya, na kamati ya bunge ikawa inazunguka kaunti kusikiza malalamiko kabla ya maafisa wetu kusafiri. Ingefika Voi siku ya Alhamisi. Majina yatakayothibitishwa kwa kiapo ndiyo yatakayoingia kwenye ripoti, na yale ya ripoti ndiyo yatakayobebwa na maafisa hadi kule. Kwa Saru hakukuwa na mlango mwingine. Jina lake liingie kwenye ripoti, au abaki jikoni kwa watu na mkono wake ulioungua.

Shahidi wangu alikuwa mama yake. Familia nyingine ziliona haya, au ziliogopa. Mama Saru hakuogopa. Nilimtayarisha wiki tatu, nikipanda Mwanda kwenye ukungu na matope, tukikaa jikoni kwake tukila kimanga cha mihogo na maharagwe. Alikuwa na hasira safi, iliyonyooka. Aliposema, ulisikia nywele zikisimama.

Lakini hasira hiyo ilikuwa na mlengwa wa karibu. Tangu ile sauti ifike, hakuwa amemwangalia ndugu yake Mwadime machoni. Na hapa wale wenu mliozaliwa Nairobi mnisikize vizuri. Kwetu Dawida, yaani Taita, hasira ya ndugu wa karibu si jambo la moyoni peke yake. Wazee waliamini kwamba mtu wako wa damu akikaa na hasira, hata akinyamaza, hasira hiyo inaweza kumdhuru mwingine wa nyumba hiyo asiye na hatia. Dawa yake ni kutasa. Mnakaa pamoja, mwenye hasira anachukua pombe ya miwa, mbangara, au maji tu, anajaza kinywa, anapuliza nje, na anatamka kwamba ameitoa. Akishaitoa imetoka. Mimi nimesoma shule ya misheni na nimekula kiapo cha uwakili, lakini nimelelewa na nyanya aliyetasa kabla ya kila safari.

Ndugu zao wakubwa walikuwa wakisema: huyu mtoto atarudije, na mama na mjomba hawasemezani? Nami nikaona wana haki. Nikajiambia, mama akisafishwa moyo atasimama imara zaidi mbele ya wabunge. Si kwamba nilikubali tu. Nilisukuma. Nilichagua siku mwenyewe, Jumatatu, ili Alhamisi tushuke Voi familia ikiwa kitu kimoja. Nilijiona wakili anayejua sheria na mila pia.

Mama Saru ni mtu wa kanisa, hagusi mbangara, kwa hivyo ilikuwa maji kwenye kikombe cha bati chenye maua mekundu. Alijaza kinywa akapuliza kuelekea mlangoni. Akasema hasira iende. Akasema mtoto wake apate njia, na ndugu yake awe mzima. Mwadime, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, alilia kwa sauti kama mtu aliyefiwa. Mimi pia nililia. Nilishuka mlima nikiimba.

Jumanne nikarudi ili tupitie ushahidi kwa mara ya mwisho. Mama Saru alikuwa uani akipepeta maharagwe. Hakuacha kupepeta.

"Wakili, mimi siendi," akasema.

Nikadhani ni woga wa kawaida, nikaanza yale maneno yangu ya kutuliza mashahidi. Akanikatiza.

"Si woga. Hiyo maneno nimetema. Ulikuwa hapa, uliniona. Sasa nisimame mbele ya watu niseme Mwadime alifanya hivi, Mwadime alifanya vile? Nikiiokota tena, haitanirudia mimi. Itamwangukia mtoto."

Nilimweleza kwamba wabunge hawajui kutasa. Nikamwambia Mungu anajua nia yake. Nikamwambia anaweza kusema bila kumtaja ndugu yake, naye akaniuliza, kwa upole, kama kiapo huapwa nusu. Ndipo nikapandisha sauti, na jambo hilo linanichoma hadi leo.

"Kwa hivyo utamwacha Saru kule jikoni?"

Akaweka ungo chini. "Unafikiri nimesahau ni wangu?"

Akaingia ndani na kufunga mlango. Nilibaki uani na kuku. Wakili wa Nairobi asingefanya kosa lile, kwa sababu asingekijua kile kikombe. Wakili wa Pwani asingelifanya. Lilikuwa kosa la Mdawida aliyejiona anajua kila kitu, akachukua kitu kizito cha watu wake akakitumia kama mbinu ya kesi.

Nilikwenda moja kwa moja mahakamani kwa Bi Rukia. Nikamwaga yote. Yeye alinisikiza huku akipanga mafaili, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Hebu tuende taratibu, mwanangu. Wamekaa, wametema maji, wamesameheana. Vyema. Na huyo binti mwenyewe, yeye katema?"

"Saru yuko mbali, Bi Rukia."

"Najua yu mbali. Nimekuuliza, katema?"

Nikaona hilo ni swali la mtu asiyejua mila zetu. Nilikuwa na siku moja na nusu ya kutafuta shahidi. Nikamuaga haraka nikaondoka.

Jumatano asubuhi nilimkuta Mwadime ameketi kwenye ngazi za ofisi yangu. Mapajani alikuwa na bahasha ya kaki iliyovimba. Alisimama, akavua kofia.

"Dada alipokuwa na hasira na mimi nilikuwa kama mtu amefungwa mdomo," akasema. "Kila neno lingekuwa la kujitetea. Sasa amenifungua. Wakili, hizi ndizo karatasi. Ile kandarasi Saru aliweka sahihi hapa, na ile ingine aliwekewa kule. Hazifanani. Mimi nilijua hazifanani."

Vijana wangu, sijawahi kutaka kitu kama nilivyoitaka ile bahasha. Kila nilichokuwa nikikitafuta kwa mwaka mzima kilikuwa mikononi mwa mtu aliyekuwa tayari kunipa bure. Na kinywa chake kilikuwa kimeshafunguka.

"Mzee Mwadime, nyamaza kwanza," nikasema. "Usinipe hiyo. Usiniambie neno lingine. Mimi ni wakili wa dada yako, si wako. Ukisema unayotaka kusema, unaweza kufungwa."

Sikujua kama atarudi. Nilimvusha barabara hadi kwa wakili mwenzangu mmoja kijana, nikamwomba ampe ushauri kana kwamba mimi sipo na Saru hayupo. Walikaa asubuhi nzima. Mimi nilisimama kwenye roshani nikihesabu malori ya Mombasa, nikijiuliza kama nimemwua msichana wa watu kwa sababu ya maadili ya vitabuni. Mkipata mtu kama huyu, fanyeni hivyo hivyo, hata mkitetemeka. Mwandikieni onyo, alisome, aweke sahihi. Ushahidi wa mtu uliyemtega utageuka siku moja ukuumize wewe na unayemtetea.

Alirudi saa ya chakula cha mchana. "Anasema naweza kufungwa," akaniambia.

"Ndiyo."

"Basi nifungwe nikiwa nimesema."

Alhamisi ukumbi ulijaa. Mwadime aliapa. Alieleza jinsi kampuni ilivyomfundisha kuwaambia wasichana kwamba karatasi ya pili ni ya kawaida tu. Mbunge mmoja akamwuliza amepeleka wasichana wangapi. Akasema saba, akataja jina la kila mmoja na kijiji chake, bila karatasi. Kisha ikachezwa ile sauti. Msininyamazie. Mwenyekiti akauliza ni sauti ya nani, naye Mwadime akajibu, "Ni mtoto wangu. Nilimbeba mgongoni akiwa mdogo." Mama Saru alikuwa kiti cha nyuma kabisa. Hakuapa, lakini alikuja.

Jina la Saru likaingia kwenye ripoti. Nilifuata ripoti ile kama mbwa afuatavyo mfupa. Nililala kwenye viti vya wizara mpaka askari wa mlangoni wakaniita mama yao. Miezi mitatu baadaye Saru alishuka kutoka kwenye ndege, mkono wa kushoto ukiwa umekunjamana kutoka kiwiko hadi vidole.

Hapa ndipo huwa naishia ninapowasimulia, na nyinyi mnapiga makofi. Lakini tulifika Mwanda. Nyumba ilikuwa imejaa, kwaya ya kanisa ilikuwa inaimba uani, na Mwadime amesimama pembeni karibu na tangi la maji. Shangazi mmoja akaleta kile kikombe cha bati chenye maua mekundu, kimejaa. Akampa Saru, ili na yeye atoe baraka, tufunge jambo.

Saru alikishika kwa mkono mzima. Alikitazama. Kisha akakiweka mezani, taratibu, asimwage hata tone.

"Mimi bado," akasema.

Kwaya ikafifia. Mama yake akamsogelea. "Saru, mwanangu, hii maneno tulishamaliza."

"Nyinyi ndio mlimaliza, mamangu. Mimi nilikuwa jikoni kwa watu. Mlikuja kuniuliza? Si niliwaambia msininyamazie?" Akanigeukia. "Anti wakili, hata wewe ulikuwepo, ama?"

Nikasema nilikuwepo. Nikasema ni mimi niliyechagua siku. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya jaji yeyote. Swali la Bi Rukia lilikuwa limenifuata hadi Mwanda. Tangu siku hiyo, kila faili niliyofungua niliandika juu ya jalada kwa kalamu nyekundu: mwenyewe amesemaje? Hata kama mwenyewe yuko ng'ambo, hata kama yuko hospitalini hajitambui. Kabla sijapatanisha watu, kabla sijamwandikia balozi, nilitafuta njia ya kumwuliza. Mara nyingine jibu lake lilivuruga mpango wangu wote, na ilibidi nianze upya.

Saru hakuwa na hasira ya kuvunja vitu. Alikuwa nayo ya kufanya kazi. Mwaka uliofuata, kabla mkataba haujatiwa sahihi, nilialikwa tena Ulaya, nikampeleka yeye. Nilimwandikia hotuba ya dakika mbili. Alikaa mbele ya kipaza sauti, akaikunja hotuba yangu akaitia mkobani, akapandisha mkono wa blauzi. "Niliungua saa nne asubuhi," akasema. "Nilienda hospitali baada ya siku kumi na tisa, kwa sababu pasipoti yangu ilikuwa kabatini kwa mtu mwingine. Naomba kitu kimoja. Pasipoti ya mfanyakazi ikae kwa mfanyakazi." Alimaliza na muda ukabaki. Hakuna aliyegusa kipaza sauti.

Kifungu hicho kiliingia kwenye mkataba. Vingine vitatu tulivyoomba havikuingia, na rasimu zake ziko hapa kwangu kwenye sanduku la chuma. Nitawapa. Nendeni nazo, mkatae kuchoka. Msiniletee habari kwamba jambo linashughulikiwa.

Mwadime alishtakiwa, akakiri. Hakimu alimpa kifungo cha nje, akawa anafagia uwanja wa ofisi ya chifu miezi mingi. Saru alikuwa akipita pale na kabichi zake akielekea sokoni, na hakuzunguka njia. Siku hizi mjomba ni mzee, amepungua mwili, na Jumapili baada ya kanisa hula kwa dada yake. Saru naye huwepo. Nami nikipata mtu wa kunipandisha Mwanda huenda, na nimekaa kwenye meza hiyo mara kadhaa.

Kila Jumapili Mama Saru hukiosha kile kikombe, hukijaza maji, hukiweka mbele ya binti yake. Mwadime huacha kula. Saru hukichukua kwa ule mkono uliokunjamana, hukiinua, na hunywa maji yote, hapulizi hata tone. Kisha husema asante, mama, na kuomba aongezewe mboga.